Saa Moja ya Jua

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikisikia mtu wa hapa Adelphi, Maryland, anafunga safari ya Kosta Rika. Jana ulinionyesha kwenye simu hoteli na fukwe ulizochagua. Umepanga vizuri. Lakini kaa kidogo, usikilize.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka Morogoro, nafanya kazi ya kutunza wazee kule Lanham, nami nimepanga chumba kwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira. Vita vilimtenganisha na mdogo wake, Bahati, na kwa miaka mingi hakujua kama yu hai. Siku hiyo akapata ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua.

"Yaya, ni miye Bahati. Niko Kosta Rika, kwa mupaka wa Panama. Bisi yetu inatoka Ijumaa, saa moja. Simu ni ya mutu. Kama unaweza kuya, kuya."

Yaya ni dada mkubwa, na kuya ni kuja. Mama Furaha aliurudia ujumbe ule mpaka betri ikaisha. Tulipiga ile namba, haikupokelewa. Basi lile likishaondoka, nani angejua limempeleka wapi?

Aliyepanga safari ni binti yake, Furaha, mwanafunzi wa chuo aliyekulia hapa. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza. Jioni ile ile akapata tiketi za kwenda na kurudi, gari la kukodi na chumba San José. Mimi, Rehema, nilichukuliwa niendeshe, maana umri wake haukumruhusu kukodi gari. Tungefika Alhamisi, tulale, tushike barabara ya kusini alfajiri ya Ijumaa.

"Relax, Ma," akasema. "We'll be early. Tutakunywa hata kahawa."

Alhamisi kabla ya adhuhuri tulikuwa San José, tumekaa kwenye mgahawa mdogo. Mama Furaha aliletewa wali uliochanganywa na maharage, akacheka. "Eh, hii si chakula yetu?" Kisha akauliza kesho tunatoka saa ngapi.

"Five," Furaha akajibu.

Mama akahesabu kwa vidole. Akaweka kijiko chini. "Tukitoka kumi na moja, na njia ni masaa sita, hiyo bisi ya saa moja tutaikuta namna gani?"

"One p.m., Ma. Saa moja."

"Saa moja ya nani?"

Furaha akakodolea simu macho.

"Saa moja ni asubui!" Mama akasimama. "Jua ikishatoka kidogo! Bahati anajua saa ya Maryland? Ulisikia neno, haukuuliza mutu. Na mutu alikuwa jikoni, anakupikia!"

Mwanangu, ilibidi tuondoke saa ile ile. Wali ukabaki mezani.

Furaha alijifariji kwamba ni Julai, mwanga ungekuwepo mpaka saa mbili usiku kama huku. Mwenye mgahawa alipotusikia tunataja mpaka, akanyoosha kidole angani, akatingisha kichwa. Kule giza huingia saa kumi na mbili, iwe Julai iwe Desemba, kama Morogoro. Na miezi ile asubuhi huwa kweupe, mchana mvua inashuka. Tulikuwa tunaingia milimani pamoja nayo.

Juu kule ukungu ulifunga kioo. Malori yalitokea ghafla, taa kwanza, kisha honi, kisha ukuta wa chuma ukitupita. Jiwe kubwa lilikuwa limeporomoka likakaa katikati ya njia; nililikwepa, gurudumu likakanyaga ukingo, na chini yake sikuona kitu. Nyuma yangu Furaha alikuwa analia.

"Sorry, Ma. Sorry."

"Usilie," mama yake akasema, kashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili. "Musomee Rehema njia."

Akasoma kona baada ya kona, mpaka tukashuka bondeni. Tulifika mpakani giza likiwa limeshatanda. Basi lilikuwa bado lipo, tupu, milango imefungwa; tukalala garini.

Asubuhi jua lilipochungulia, watu wakapanga foleni. Mama Furaha alipita akitazama nyuso, hakuitambua hata moja. Dereva akawasha injini. Ndipo akapiga kelele: "Bahati!" Mwanaume mwenye mvi ndevuni akageuka, begi likamwanguka.

"Yaya," akasema. "Nilijua utakuya saa moja."

Walikumbatiana kwa muda wa mizigo kupakiwa, si zaidi. Namba ya dada yake aliiandika upya kwenye kiganja, isimpotee. Basi likaenda naye kaskazini, pamoja na wahamiaji wenzake.

Tulikuwa milimani tunarudi, simu ya Furaha ikalia. Alikuwa ameitega imkumbushe basi, saa saba mchana. Furaha akaitoa mfukoni, akaitazama. Kisha mama yake akageuka, akamgusa shavu. "Zima. Hiyo ni saa yako."

Kwa hiyo, mwanangu, beba pasipoti na tiketi ya kurudi, na ukitokea nyumbani Tanzania usiache kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chukua koti la mvua na sweta la milimani. Barabara ya mlima ipite asubuhi. Na yeyote atakayekungoja, muulize saa yake ni ipi, hata kama mnaongea lugha moja. Hasa kama mnaongea lugha moja.

Mungu akutangulie kwenye kila kona, akufikishe jua likingali juu, na anayekungoja akukute.