Vigelegele kwenye Turubai Tupu

Kazi yangu ni kuwaonyesha watu waliovuka bahari namna sisi tunavyonunua nyanya. Jumamosi asubuhi nawapanga wageni pale Posta, kila mmoja juu ya baiskeli yake, helmeti imekazwa kidevuni kana kwamba tunaenda vitani, kisha tunakanyaga pedeli taratibu kupitia Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo. Huko kila kitu ambacho mama yangu alinifundisha kukikwepa kinageuka kuwa kivutio. Mtaro ulioziba unapigwa picha. Mkokoteni wa vitunguu uliofunga njia unapigwa picha na kuulizwa maswali. Mimi nikigombana na mwenye mkokoteni, hiyo ni video, na baadaye naombwa nirudie kwa sababu jua lilikuwa upande mbaya.

Bosi wangu, mtu ambaye baiskeli anaiona dirishani tu, ameipa ziara hii jina refu lenye neno "halisi" ndani yake. Analipenda sana neno hilo. Wageni, anasema, wamechoka na hoteli, wanataka maisha halisi. Kwa hiyo kikao kimoja akaagiza kwamba tukikuta harusi ya mtaani tusimame tuingie, maana watu wa Bongo hawamfukuzi mgeni kwenye pilau. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Basi nikaongeza somo la vigelegele. Tukisimama Mnazi Mmoja kunywa maji, nawafundisha: ulimi huku, ulimi kule, sauti juu, usione haya. Wanawake wengi hujitahidi. Wanaume hutoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Haidhuru. Harusini, mgeni anayepiga vigelegele vibaya hupendwa kuliko yule anayekaa kimya akinusa chakula kwa mashaka.

Baiskeli zetu ni kuukuu zilizopakwa rangi mpya, na rangi haizuii pancha. Tukipata pancha tulikimbilia duka moja la vipuri huko Mchafukoge, chini ya nyumba ya ghorofa ya familia moja ya Kiarabu. Mwenye duka alikuwa mzee mkavu, mwembamba, aliyefanya biashara kama anayekutendea hisani. Namwamkia, "Shikamoo, baba," anaitikia "Marahaba" huku macho yake yako kwenye gurudumu langu. "Zamani baiskeli hizi zilibeba mikate," aliniambia siku moja akinikabidhi tyubu. "Sasa zinabeba walioshiba." Wala hakucheka.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakuwahi kufunga. Sikukuu yuko wazi. Mvua imezamisha mtaa, yuko wazi, suruali ameikunja magotini na bidhaa kazipandisha rafu ya juu. Mtaa umefiwa, yuko wazi vilevile.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza. Mchafukoge mtu atakusamehe kelele, atakusamehe maji machafu mlangoni kwake, lakini hatakusamehe kutofika msibani. Jeneza likipita, wenye maduka huvuta milango yao ya chuma, hutoka, huweka bega hatua chache, na wenye nafasi hufika mpaka makaburini. Mzee wetu alibaki nyuma ya meza, akainua viganja usawa wa kifua, akaomba dua fupi, kisha akaendelea kupanga njiti za magurudumu. Jirani wa mkabala, muuza vitenge, alimzika mama yake mzazi na mzee hakutia mguu. Muuza vitenge alinisimulia mwenyewe siku nilipojikinga mvua dukani kwake, na akamaliza hivi: "Poa tu. Na yeye siku yake ipo. Tutaona nani atamfungia duka."

Jumamosi ninayoisema, mtaa wetu wa kawaida ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, nikawapitisha wageni kwa nyuma. Tulipokata kona nikaliona turubai limefunga njia mbele ya nyumba ya mzee. Turubai la pinki, lenye marinda pembeni na ua kubwa la kitambaa katikati ya dari. Viti vya plastiki vimepangwa mistari. Sufuria zimewekwa upenuni. Na viti, kwa nilivyoona kutoka pale, vilikuwa vitupu.

Hapa nataka nijitetee, maana nimelaumiwa vya kutosha. Nilijua binti wa mzee amechumbiwa. Mzee mwenyewe alikuwa akilalamika dukani kwamba ndugu wa bwana harusi huko mkoani hawana mwisho. Duka lilikuwa limefungwa, na mimi nilijua mzee yule angefunga kwa jambo moja tu, kumwoza binti yake, tena shingo upande. Lakini kubwa kuliko yote ni vile viti. Msiba wetu hauna viti vitupu. Mtu akikata roho alfajiri, jua likichomoza mtaa umeshajaa, na watu ambao hawakuwahi kumsalimia marehemu wanagombea kivuli. Kitu kinachokuwa kitupu ni harusi. Kadi ikisema saa nane, waalikwa wanaanza kuoga saa tisa. Turubai tupu ni harusi, hakuna mtu wa mjini asiyelijua hilo.

Nikageuka kwenye kiti cha baiskeli, nikainua mkono. "Mna bahati!" nikawaambia. "Harusi!" Tukaingia chini ya turubai msafara mzima, kengele zinalia, vigelegele angani, mimi mbele.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka binti wa mzee. Baibui jeusi, macho yamevimba. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha bwana mmoja mnene kutoka nchi ya baridi, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, naye alikimaliza peke yake, kwa bidii yote niliyomfundisha.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu Kusini tuna watani, na mtani anaruhusiwa kufanya vituko msibani, hata kuingia kaburini na kugoma kutoka. Kwa nukta moja nilifikiria kujitetea kwamba mimi ni mtani. Lakini utani baina ya Wamakonde na Waarabu wa Mchafukoge bado haujatangazwa. Nikashuka kwenye baiskeli.

"Baba amefariki alfajiri," binti akasema. Akawatazama wale watu wenye helmeti, mmoja mmoja, kama anayejaribu kukumbuka aliwaona wapi. "Mmekuja kwa baba?"

Ndipo nikaangalia vizuri. Nyuma ya nguzo ya mbali walikaa vijana wawili, wapwa wa marehemu, pamoja na mwalimu wa madrasa. Basi. Turubai lilikuwa la pinki kwa sababu siku ya Jumamosi mkodishaji hakubakiwa na jingine. Ng'ambo ya njia maduka yote yalikuwa wazi, mstari mzima, na muuza vitenge amesimama mlangoni kwake akipima kitambaa ambacho hakuna mteja aliyekiomba, redio yake inacheza, macho yake yako huku. Duka pekee lililofungwa mtaani lilikuwa la marehemu.

"Ndiyo," nikasema. "Tumekuja kumzika."

"Karibuni," akajibu. "Viti vipo."

Niliwaeleza wageni kwa kifupi: si harusi, ni msiba, aliyekuwa akituuzia tyubu amefariki, na kwa kuwa nimeshasema tumekuja kuzika, basi tunazika. Nilitegemea manung'uniko, maana walikuwa bado hawajaonyeshwa viungo. Hawakunung'unika. Waliegemeza baiskeli ukutani, wakakaa. Yule bwana mnene alivua helmeti kwa heshima, halafu akaona wapwa na mwalimu wana kofia vichwani, akafikiri, akairudisha na kuikaza. Hakuna aliyemkosoa. Mama mmoja aliinua simu apige picha ya ua la dari, nikaichukua simu nikaitia kwenye mkoba wangu. Maisha halisi yana mipaka.

Khanga ninazotembea nazo kapuni za kukalia nikawafunga wale wanawake wageni, mimi nikajifunga yangu, tukaingia ndani. Binti alikuwa mkekani na shangazi yake. Hakuna mwanamke mwingine. Nikakaa karibu naye, naye akaninong'oneza sikioni.

"Dada, huko nje wanaume wameongezeka?"

"Wapo wageni wangu."

"Mtaani je?"

Nikajifanya nafunga khanga yangu upya.

"Mwalimu anasema tungoje adhuhuri, labda watu watatoka msikitini. Wasipotokea, vijana wataita kirikuu." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Baba yangu apite mtaa wake kwenye kigari cha mizigo, dada. Kama katoni ya matairi. Watu wanamwangalia kutoka madukani."

Hasira ilinipanda, na mimi hasira yangu haijui kukaa mkekani. Nikatoka, nikavuka njia. Muuza vitenge hakuningoja nifike.

"We dada wa baiskeli! Hao wazungu vipi?"

"Wamekuja kumzika mzee."

"Acha zako."

"Nenda kawaulize. Yule mwenye helmeti anajua Kiswahili kidogo, anasema 'asante' vizuri sana."

Akaweka chini mkasi. "Huyu mzee hakumzika mama yangu."

"Najua, uliniambia."

"Mama yangu, dada! Alikuwa anamtumia futari kila Ramadhani, kutoka mlango huu mpaka ule. Hakuvuka hata njia."

Sauti yake ilikatika, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Lakini nilikuwa nimeshakuja na maneno yangu, nikayamwaga.

"Alikosea. Lakini amekufa, aibu hiyo haimfikii tena, inamkaa binti yake mle ndani. Wewe endelea kupima. Jeneza watalibeba wageni wangu, si unaona mabega yao? Na kila mmoja ana simu. Jioni huko kwao watajua kwamba Mchafukoge maiti inazikwa na watalii, na nyuma yake kuna jamaa na redio yake, anauza."

Alinitazama kwa chuki safi. Nikarudi ndani. Sikujua nimesaidia au nimeharibu.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Marehemu alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa. Wanaume wakaingia wakalitoa jeneza, nasi wanawake tukabaki tumekaa, mlango ukarudishwa. Kutoka mkekani huoni kitu, unasikia tu. Tukasikia sauti zao zikianza, nyembamba, za watu wachache wanaojaribu kuonekana wengi. Nyayo zikaburuzika. Nilimshika binti mkono, ulikuwa wa baridi.

Kisha redio ya ng'ambo ikazimwa. Ukafuata mlio wa chuma kikiteremka mpaka chini, na komeo.

Kimya kidogo, halafu chuma kingine, karibu zaidi. Halafu viwili kwa pamoja. Halafu mtaa mzima, huku na huku, milango inateremka kuelekea upande wa msikiti, na kadiri ilivyoteremka zile sauti nje zilinenepa mpaka kuta zikawa zinatetemeka.

Binti akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Wanafunga," nikamwambia.

Hapo akalia, kilio alichokuwa amekizuia tangu alfajiri. Mimi nikalia naye. Wale wanawake wageni, ambao hawakuelewa neno hata moja, walilia pia, tena walilia vizuri kuliko walivyopiga vigelegele.

Wanaume waliporudi, yule bwana mnene alikuwa na malalamiko. Alikuwa amejiandaa kubeba, akasema, lakini alipata hatua mbili tu, akasukumwa pembeni, akasukumwa tena, mpaka akajikuta mwisho wa umati. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo mila. Muuza vitenge alipita mbele yangu na vumbi la makaburi kwenye viatu, akanisonya, akaenda kufungua duka.

Jumatatu bosi aliniita. Wageni walikuwa wamemwandikia sifa ndefu, hawajawahi kuona kitu halisi kama kile. Akaniuliza kwa uso mkavu kama tunaweza kupata msiba kila Jumamosi. Nikamwambia inawezekana kabisa, mradi yeye akubali kuwa wa kwanza. Tangu siku hiyo hatuzungumzi sana, na kazi inakwenda vizuri.

Binti alikaa siku chache za matanga kama watu wa kawaida, kisha akafungua duka la baba yake. Anapanga njiti kama yeye, na anauza kama anayekutendea hisani, kama yeye.

Juzi nilipata pancha karibu na hapo. Nikausukuma msafara mpaka mlangoni, jua la kuchoma ubongo, na duka limefungwa. Limefungwa mchana kweupe! Nikaanza kulaani kwa mazoea tu. Mbeba mizigo mmoja aliyejiegemeza kwenye mkokoteni wake akaniambia nisijisumbue.

"Kuna msiba mtaa wa nyuma. Huyo dada ndo huwa anafunga wa kwanza. Akishafunga yeye, wengine wanaona aibu."

Mgeni mmoja, akijipepea kwa helmeti, akaniuliza kama duka hili hufungwa mara kwa mara.

"Siku hizi, ndiyo," nikamjibu.

Tukasukuma baiskeli mpaka mtaa wa nyuma. Viti vilikuwa vimekwisha, tukasimama juani.