Mbegu 386 za Bi Kidawa

Ijumaa tarehe 14 Julai 2023, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jafari Mnaliwa wa Miteja, wilayani Kilwa, alibonyeza kitufe kimoja, na mbegu zote 386 za kikundi chao zikawa zimeletwa na mama yake.

Alikusudia moja tu.

Jafari ana miaka thelathini na minane. Alikuwa fundi simu Kilwa Masoko kabla kikundi cha wakulima hakijamwita kutunza kumbukumbu za mbegu za asili: mpunga, mtama, choroko, mbaazi, kila moja ndani ya chupa yake kwenye rafu. Kumbukumbu zimo kwenye kompyuta ya mtumba, katika kanzidata ya XML. Kila mbegu ina waraka wake, na kila jambo ndani ya waraka limefungwa kati ya alama mbili zinazolitaja: jina, kijiji, mwezi wa kupanda, mleta. Kompyuta ni kuukuu mno kubeba programu zenye madirisha na picha, kwa hiyo Jafari huandika amri mwenyewe, mstari mmoja mmoja, kwenye kioo cheusi. Ongeza. Tafuta. Badilisha. Wenzake hawazijui amri hizo, naye hakuwahi kuwa na haraka ya kuwafundisha.

Tarehe 11 Julai Cecilia, katibu wa kikundi, alirudi kutoka kwa wakulima na fomu ya Kindevu, mpunga wenye ndevu nyeusi na harufu inayovuka uwanja kabla sufuria haijafunuliwa. Kwenye nafasi ya mleta paliandikwa: Somoe Likanda.

Bi Somoe ni mke mkubwa wa marehemu baba yake Jafari. Bi Kidawa, mama yake Jafari, ndiye mke mdogo. Nyumba zao zinatazamana, hatua sitini mlango kwa mlango. Bi Kidawa anasema Kindevu aliitoa kwao Nyangamara, imefungwa kwenye pindo la kanga, siku alipoolewa. Bi Somoe hakani. Anasema tu kwamba mwaka wa mafuriko mbegu ya mwenzake iliozea guniani, na iliyosalia ni ile aliyoitundika yeye juu ya moshi wa jiko lake.

Mume alikula kwa zamu, siku mbili huku, siku mbili kule. Kindevu aliila kwenye nyumba zote mbili, lakini kusifu alisifu ya Bi Somoe. Jafari alipokuwa mtoto, akirudi kutoka upande wa pili, mama yake alimshika mkono wa kulia na kumnusa vidole. Akiikuta harufu ya Kindevu, siku hiyo hampakulii. "Si umeshiba kwa mama yako?" Mpaka leo Jafari akila kwa mama mkubwa hunawa kwa sabuni mara mbili.

Fomu aliiingiza kama ilivyokuja. Kisha hakutulia. Lebo za chupa zilikuwa karibu kuchapwa kwa ajili ya maonyesho ya Nanenane, na lebo hubeba jina la mbegu na jina la mleta. Watu wangepita mbele ya meza wakisoma Somoe, Bi Kidawa amesimama hapo hapo. Mwanamke ambaye huitazama kamba ya kuanikia ya mke mwenzake na kujua hiyo ni doti yake ya ngapi tangu mwaka uanze.

"Wewe si ndiye mwenye hiyo mashine?" mama alimuuliza. "Sasa vidole vyako vina kazi gani?"

Ijumaa ile Cecilia alikuwa nje akipokea choroko. Amri iliyotakiwa ina sehemu tatu: pitia mbegu zote, ukikuta jina ni Kindevu, badilisha mleta awe Kidawa. Sikio likiwa mlangoni, Jafari aliandika ya kwanza na ya tatu.

Mashine haikuuliza kitu. Ilileta mstari mtupu, kama ifanyavyo kazi ikikamilika.

Alasiri Cecilia aliomba orodha ya lebo. Jafari akaitoa bila kuisoma.

"Kaka Jafari, kunde za kutoka Sudi kaleta mama yako?"

"Hebu nione."

"Na mtama. Na mbaazi. Kumbe kwenye safina ya Nuhu mtunza ghala alikuwa Bi Kidawa?"

"Umeme huo," alisema Jafari. "Unakatika-katika, unavuruga vitu."

Cecilia hajui amri, lakini amekaa na Jafari vya kutosha kujua kwamba mshale wa juu hurudisha iliyoandikwa nyuma. Alinyoosha mkono juu ya bega lake, akaubonyeza mara mbili. Ya kwanza ilikuwa amri ya orodha. Ya pili ilikuwa ile ya saa nne, na jina la Kidawa mwishoni.

"Umeme wa Miteja nao una mama yake," akasema.

Kila Ijumaa baada ya sala Jafari huhifadhi nakala rudufu kwenye flashi. Lakini ya siku hiyo alikuwa bado hajaihifadhi, na Ijumaa ya tarehe 7 alikuwa kijijini Sudi, harusini, kwa hiyo nakala ya mwisho ilikuwa ya Juni 30. Humo majina 367 yalipatikana na kurudishwa ndani ya nusu saa. Yalibaki kumi na tisa yaliyoingizwa baadaye, Kindevu ikiwamo. Fomu zake za karatasi Jafari alikwisha kumpa jirani anayeuza vitumbua, afungie. Cecilia anayakumbuka mengi, ila kanuni ya kikundi ni moja: mleta hutajwa na mwenye mbegu, kwa kinywa chake, mbele ya shahidi.

Kikundi kilikaa Jumapili. Hakikumfukuza, kwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza mashine. Kiliamua amfundishe Cecilia amri zote, kisha awaendee watu wote kumi na tisa mwenyewe na kuwaeleza sababu. Kufikia Alhamisi alikuwa amewamaliza kumi na wanane. Wa mwisho alikuwa hatua sitini kutoka kwa mama yake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuniandika au kunifuta?"

Jafari alieleza. Bi Somoe hakuacha kupepeta.

"Leo sitaji jina," alisema. "Njoo Jumamosi, uje na mama yako. Nitapika."

Bi Kidawa alipopelekewa habari aliuliza jambo lingine kwanza.

"Zote mia tatu themanini na sita zilikuwa zangu?"

"Kwa saa tano hivi."

"Na yake imo?"

"Ilikuwemo."

"Ungeziacha." Alikaza kanga kiunoni. "Nitakwenda. Lakini sili."

Jumamosi tarehe 22 Julai, saa sita mchana, Jafari na mama yake watavuka uwanja. Cecilia atakuwapo na fomu mpya, yenye nafasi moja ya mleta, na kalamu ataishika yeye.