Jina Lililorukwa na Gurudumu la Mausi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi moja ya ardhi mjini Voi. Mashine yangu ya kuchapa ilikuwa imeondolewa mezani, ikaletwa kompyuta yenye mausi, kile kidude cha kushika mkononi, ya gurudumu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Ukiligusa gurudumu kidogo tu, orodha ya majina kwenye skrini inaruka, nami macho yananiuma kwa kuikimbiza.

Asubuhi moja alikuja mama mjane kutoka Mwanda. Alitaka kujua kama hati ya shamba la marehemu mumewe imetoka. Nikazungusha gurudumu chini, nikazungusha juu. Majina yalipita kama nguzo za simu ukiwa kwenye treni.

"Jina halimo, mama."

"Angalia tena, mwanangu. Shemeji zangu wanasema nihame."

Nikaangalia tena, haraka vilevile. "Halimo."

Alipoondoka nikakosa raha. Nikasimama, nikakaa, nikaenda dirishani, nikarudi.

"Hebu keti, mwenzangu, wanitia kizunguzungu," akasema karani tuliyeketi naye, dada wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. "Una nini?"

Nikamweleza. Akatazama orodha ikirukaruka. "Si ulipunguze mwendo gurudumu hilo? Hapakosi mahali pa kulirekebisha humo ndani."

Tukafungua hiki, tukafunga kile, hadi tukapata palipoandikwa mistari mingapi ipite kila gurudumu linapoguswa. Ilikuwa kumi na miwili. Nikaweka mmoja. Orodha ikaanza kutembea, na jina la mumewe lilikuwapo, katikati ya majina mawili yanayofanana nalo.

Nikatoka mbio hadi stendi. Gari la Mwanda lilikuwa limeshaondoka.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikapanda milimani hadi Mwanda. Nilimkuta akifunga vyombo ndani ya shuka. Hata salamu sikutoa.

"Mama, jina limo. Kosa ni langu."

Alikaa juu ya furushi, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Jana nilienda kaburini kwake," akasema. "Nikamwambia alitudanganya kuhusu hati."

Nilimsaidia kurudisha sufuria jikoni, moja moja.

Wiki iliyofuata alikuja na binti yake kuchukua hati. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akapita meza yangu, akamwomba yule mwenzangu amsomee.