Tairi la Kuchonga

Mimi ni mwepesi wa kupiga, na sitajifanya hapa kwamba ni shetani aliyenipitia. Siku niliyompiga mdogo wangu nilijua ninachofanya.

Mama alipofariki nilimlea mimi, na alipokua nikamkabidhi usukani wa pikapu yangu. Tulikuwa tukifuata chumvi Ivuna na kuileta sokoni Tunduma. Siku hiyo gari lilikuwa uani kwangu, tupu, naye amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele la kushoto.

"Dada, njoo uone. Hivi vinundu humu mferejini, hizi kashata za mpira zikishalingana navyo ujue tairi limekwisha. Hili limeshapitiliza. Pembeni huku nyaya zinachungulia."

Nikamwambia limebakiza safari mbili. Akasema halina hata moja, kwamba bondeni kule kuna joto, na tairi kipara likipata joto na mzigo linapasuka. Akasimama, akaninyooshea ufunguo.

"Kuendesha hili hivi ni kufa. Mimi siendi."

Wabeba mizigo wawili walikuwa wanasikiliza. Nilimzaba kofi mbele yao, mtu mwenye mke na watoto, nikamwambia kama ni mwoga akavae kanga. Ufunguo ulianguka. Damu ilimtoka puani, akaifuta kwa mkono wa shati, akauokota ufunguo. Nilifurahi, nasema kweli. Niliona nimemrudisha kwenye mstari.

Kwetu Tunduma tairi likiisha halitupwi hivihivi, linachongwa. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu wa ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akipasha kisu kwenye jiko la mkaa mpaka kinakuwa chekundu, anachimba mifereji mipya kwenye mpira, kisha analipaka dawa nyeusi ya viatu. Trafiki akiinama anaona kashata, anakupungia mkono upite. Tulikuwa tumezoea kupima tairi kwa macho ya trafiki, barabara hatuiulizi. Nilimpelekea lile tairi. Aliligeuza, akabonyeza penye nyaya.

"Bamayo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mama yeyote huko kwao, "hili nikilichimba nafika kwenye nyuzi. Labda ulifunge nyuma, gari likiwa tupu."

"Chonga. Sikuja kuhubiriwa."

Akachonga. Hata vile vinundu akavikata. Mdogo wangu alilifunga mbele huku ameniinamishia kichwa.

Tulipakia Ivuna, tukaondoka jua likiwa kali. Ile tambarare inamshawishi mtu kukimbia, na mimi nilikuwa nikimhimiza akanyage mafuta tuwahi soko. Tairi lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Gari likavutwa kushoto, akakata usukani kulia, likayumba tena kushoto, likalala kwa ubavu wa kulia, upande wa dereva, na kuburuzika. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuegemeza dirishani. Uliingia kati ya mlango na changarawe, na mimi nilikuwa nimemwangukia, nikausikia mfupa ukisagika. Kioo cha nyuma kilivunjika, magunia yakapasuka, chumvi ikamiminika ndani mpaka kwenye nyama iliyokuwa wazi. Watu hutaja chumvi na kidonda kama maneno tu. Mimi nimemsikia mdogo wangu akilia kwa chumvi hiyo, akimwita mama, na mama yetu hayupo.

Wafugaji waliokuwa wakichunga karibu waliliinua gari kwa magogo. Mimi nilikuwa nimechubuka goti tu.

Hospitali waliukata mkono juu ya kiwiko. Siku ya tatu, waliponiambia sasa atapona, nilitoka wodini nikaenda moja kwa moja kwa yule fundi. Niliokota spana ya magurudumu palepale kwake nikampiga nayo begani. Alipoinama nikampiga mgongoni. Nililipiga teke jiko lake, makaa yakatawanyika, nikamrukia tena kwa ngumi. Nilimwita muuaji, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo nilivyozidi kujiamini. Hakunirudishia hata pigo moja. Vijana wa gereji waliponishika mikono, aliinuka akijishika bega.

"Bamayo, nilikuambia."

Nikamtemea mate.

Jioni nilirudi wodini na ndizi mbivu. Mdogo wangu aliviangalia vidole vyangu vilivyochubuka, akaangalia majivu kwenye kitenge changu.

"Dada, umempiga nani?"

"Yule aliyechonga tairi."

Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi amebaki mmoja wa kupigwa," akasema.

Nikavuta stuli, nikaanza kummenyea ndizi, maana alikuwa bado hajajua kuimenya kwa mkono mmoja.