Fundi wa Betri Aliyekataa Chetezo

Amekufa fundi wa betri wa Kariakoo. Wengi wenu mlimjua, hasa ninyi wenye malori na motokaa za abiria, na sidhani kama yuko hata mmoja kati yenu ambaye hakupata kufokewa naye. Alikufa Jumanne kwa ugonjwa wa kifua, baada ya siku nne za homa, kitandani kwake, mkewe akiwa pembeni, nasi tukamzika alasiri ile ile. Haya ya ugonjwa nayaeleza mapema na kwa makusudi, maana tulipokuwa njiani tukirudi makaburini niliwasikia kwa masikio yangu watu wazima wenye ndevu zao wakinong'onezana kwamba lile jini lake la kwenye masanduku ndilo lililomgeukia. Nilisimama nikawaambia ni kifua. Wakaniitikia, "Ndiyo bwana, kifua," kwa sauti ile ya kumridhisha mtoto anayelia, kisha wakaendelea na jini lao. Nimechoka nao, wasomaji wangu, na leo sitaficha kwamba nimechoka. Nimechoka na wao, na marehemu mwenyewe Mungu amrehemu, na mtu mmoja zaidi ambaye nitamtaja kabla sijaweka kalamu chini.

Marehemu alipanga chumba kimoja cha uani katika nyumba ya mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la mchele na tende, hatua chache tu kutoka sokoni. Humo aliweka mtambo wa umeme ulionguruma tangu asubuhi hadi karibu na magharibi, na benchi refu la kupangia betri zilizoishiwa nguvu. Dereva huleta betri yake imekufa, huiacha kutwa, hurudi kuichukua ikiwa hai. Sasa betri ikikaribia kushiba umeme, yale maji makali yaliyomo ndani huanza kutoa mapovu na kutokota kama mchuzi jikoni, na chini yake hapana kuni wala makaa. Hilo ndilo lililowashinda majirani. Maji yachemkeje bila moto? Mtu angedhani kwamba katika mtaa mzima, wenye mafundi, makarani na walimu, angetokea japo mmoja wa kuuliza. Hakutokea. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa na jibu kuliko kuwa na swali, na jibu lilipatikana siku ya kwanza kabisa, siku ya kukifungua chumba chenyewe.

Siku hiyo nilikuwapo. Mwenye nyumba, mtu mwema na mcha Mungu, alifanya kila lipasalo kufanywa: alialika mwalimu wa chuo cha Kurani na majirani, Yasini ikasomwa uani, ikaletwa kahawa na haluwa. Kisha akainuka na chetezo chake, makaa mekundu na ubani juu yake, akaenda kukifukiza chumba ili kipate baraka. Hapana mtu wa mji huu anayefungua duka au kuhamia nyumba bila ubani. Lakini wateja hawakuwa na subira, na fundi alikuwa amekwisha kuwasha mtambo tangu alfajiri. Betri nane zilikuwa benchini zikitokota. Alipomwona mzee anakuja, aliruka mlangoni akatandaza mikono.

"Moto nje!"

"Moto gani, mwanangu? Huu ubani."

"Nimesema moto nje, Mzee. Hauingii humu."

"Nyumba ni yangu!"

"Nyumba yako, chumba nimekipanga mimi. Toa hicho kitu, toa!"

Mzee aligeuka na chetezo chake mbele ya wageni wote. Mwalimu alisema astaghfirullah, na kina mama waliokuwa barazani wakatazamana. Kwetu sisi watu wa pwani, anayekimbia ubani anajulikana ni nani. Kabla haluwa haijaisha sahanini, habari ilikuwa imefika sokoni kwamba fundi anafuga jini kwenye masanduku, na ndilo linalochemsha maji. Mtu aliyesali sala tano, akafunga hata Jumatatu na Alhamisi! Na yeye alifanya nini kulikanusha hilo? Hakufanya kitu. Alirudi ndani kwenye betri zake akiwa amenuna.

Mimi nilimfuata kesho yake, kwa hasira, nimwambie kwamba amemvunjia heshima mzee wa watu. Hakujitetea. Aliniomba kichupa changu kilichokwisha wino, akakisafisha, akakikausha, akakifunga kitambaa kizito, akakiinamisha juu ya betri iliyokuwa ikitokota. Alikishika hivyo kwa kitambo, kisha akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, tukatoka hadi mwisho wa uwanja, mbali na chumba. "Washa kibiriti," akaniambia, "na usiogope." Alipoondoa kidole, nikausogeza moto. Kichupa kililia kwa mshindo kama fataki ya harusi, nami nikaangusha kibiriti na karibu niangushe na heshima yangu. Ndani ya kichupa hapakuwa na kitu cha kuonekana, wala harufu ya kutisha. "Hicho ni kichupa cha wino," alisema. "Na mle ndani ni chumba kizima, na yule mzee anakuja na makaa."

"Sasa kwa nini hukumwambia hivyo jana?"

"Nimwambie mara ngapi? Moto nje ni moto nje. Mtu mzima hajui maana ya nje?"

Huyo ndiye alikuwa mtu wetu. Alijua kila kitu juu ya kazi yake, na alidhani kwamba kwa kuwa yeye anajua, basi kila asiyejua ana kiburi. Hata hivyo jambo lilimgusa, maana mwezi wa mfungo uliofuata alinijia nyumbani na karatasi, maneno machache aliyoyaandika kwa mkono wake mzito. Aliniomba niyatie katika ukurasa huu. "Mimi nikisema wanasikia kelele," akaniambia. "Wewe wanakusoma." Nikaipokea, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikamwambia juma lijalo. Juma lile niliandika juu ya adabu za vijana kwenye karamu za harusi. Lililofuata, juu ya bei ya samaki Kivukoni. Niliona betri ni jambo dogo mno kwa kalamu yangu. Ramadhani ikapita, Idi ikapita, Maulidi yakasomwa, karatasi ikawa bado imo kotini, imekunjika na kuchafuka.

Wakati huo, pale kituo cha malori ya kwenda Morogoro, alikuwako dereva mmoja kijana ambaye mimi na ninyi mnaokwenda pale tulimjua vizuri. Alikuwa na sauti ya kupendeza, na ndiye aliyewasomea gazeti madereva wenzake na wapagazi wasiojua kusoma, akikaa juu ya magunia. Ukurasa huu aliusoma wote, tangu juu hadi chini, na mahali penye mzaha alirudia mara mbili. Betri ya lori lake ilikufa kabisa, na tajiri wake akaenda mwenyewe kununua nyingine. Sijui watu wetu wamerogwa na nani katika kununua. Tikitimaji wataligonga, wataligeuza, watalinusa, lakini betri wanachagua kwa kung'aa. Tajiri alinunua ndogo, nyepesi, rangi yake mpya kabisa, iliyofaa motokaa ya bwana mmoja wa ofisini wala si lori la kubeba magunia ya mahindi. Ndani ya sanduku lake chini ya ubao wa kiti ilicheza, ikabidi waikaze kwa vipande vya mbao.

Dereva aliileta kwa fundi aitazame. Fundi akaitazama, damu ikampanda. "Ondoa takataka hii mbele yangu," alisema. "Itachemka njia nzima. Mwambie tajiri wako ana macho ya mapambo." Wote waliokuwapo wakacheka, kijana naye akacheka, akaibeba betri yake akaenda. Hakuambiwa kwamba lori kubwa husukuma umeme mwingi, na betri ndogo ikishiba mapema huzidi kutokota na kumaliza maji na kujaza sanduku ile hewa ya kichupani. Aliambiwa takataka. Na tajiri hakuibadilisha, maana maji aliona ni kitu cha kuongeza tu.

Basi kijana akawa anaongeza maji. Kila baada ya safari aliinua ubao, akafungua vizibo, akachungulia. Chini ya kiti pana giza hata saa sita mchana, na kijana alikuwa na kibiriti mfukoni kama mwanamume yeyote. Siku hiyo, siku chache baada ya Maulidi, alikuwa ndiyo kwanza amefika na injini bado ina moto. Aliwasha, akainama. Waliokuwa karibu wanasema mshindo wake haukuwa mkubwa. Maji makali yalimrukia macho yote mawili. Na palikuwa na debe zima la maji safi ya kutia kwenye injini, karibu na mguu wake, na hakuna aliyemmwagia! Mmoja alikimbilia mafuta ya nazi, mwingine maziwa, wa tatu akaenda kumwita mganga. Walipomfikisha hospitali hapakuwa na jicho la kuokoa. Mji mzima ukasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu lipi? Nani aliyemwambia?

Sikumwendea fundi baada ya siku ile. Niliona haya, na karatasi nayo nikaiacha kotini. Naye hakunijia, ila nasikia tangu hapo alipunguza kufoka, na kwamba kila mwezi alikuwa akienda nyumbani kwa kijana yule, wakikaa tu barazani.

Nirudi kwenye msiba. Siku ya tatu, baada ya hitima, shemeji yake marehemu alikuwa ameuwasha mtambo kwa kuwa madereva walikuwa wakidai betri zao. Tukiwa tumekaa uani, nje ya chumba chake cha betri, nikamwona yule mzee mwenye nyumba anakuja na chetezo chake, makaa mekundu, akitaka hatimaye kukisafisha chumba. Nilijikuta mlangoni, mikono nimeitandaza, nikipiga kelele, "Moto nje!"

Mzee alinitazama kwa huzuni. "Na wewe amekurithisha jini lake?"

Hapo nikajisikia jinsi nilivyo. Nikashusha mikono. Nikamshika mzee mkono, nikamweleza polepole: hewa inayotoka kwenye mapovu, isiyoonekana, inayowaka, kichupa cha wino, makaa. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Basi ni hilo tu?" akasema. "Angeniambia hivyo siku ile, ningekibeba nje mwenyewe. Kumbe alikuwa ananiokoa, nami miaka yote simjibu salamu." Akakiweka chetezo kwenye kona ya uwanja, mbali, akakaa chini akalia.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Shikamoo, Bwana Mwandishi." Alikuwa yule dereva, ameongozwa na mkewe. "Nimeijua sauti yako, ila ulipofoka nikadhani marehemu amefufuka."

"Marahaba," nikamjibu.

"Nilikuwa nasikiliza ulivyomweleza Mzee. Kumbe linaelezeka." Akanigeuzia uso. "Hivi, hapakuwa na mtu wa kuliandika gazetini? Mimi ningewasomea wenzangu wote pale."

Nilisema kwamba jua ni kali, aketi kivulini. Mimi mwenyewe ndiye mtu wa tatu niliyewaambia nimechoka naye. Marehemu alijua, akakataza bila kueleza. Majirani hawakujua, wakahukumu bila kuuliza. Lakini mimi nilijua, nikaelezwa, nikaombwa, na kazi yangu ni kueleza. Ujuzi usiosemwa haumlindi mtu, hata ukiwa umeandikwa vizuri na kukunjwa mfukoni. Karatasi ya fundi ni hii hapa, sikuongeza wala kupunguza:

"Betri ikichemka inatoa hewa huioni, nayo inawaka kama baruti. Usiichungulie kwa kibiriti wala sigara wala taa ya moto. Itoe nje uitazame juani. Chumba cha betri kiwe na madirisha wazi. Zima mtambo kwanza ndipo utoe waya, maana cheche nayo ni moto. Ukinunua nyingine, nunua iliyo sawa na ile ya kwanza kwa nguvu na kwa kimo, ikae sandukuni isicheze, na isiwe imelala dukani muda mrefu. Usinunue rangi. Maji yake yakikuingia machoni usitafute dawa. Tafuta maji safi, mengi, hapo hapo, na umwage kwa muda mrefu. Samahanini kwa kelele zangu."

Kijana yule atasomewa gazeti hili kituoni na mwenzake. Namwomba huyo msomaji asome taratibu, na akifika pale nilipoandika kwamba karatasi ilikuwa kotini mwangu tangu Ramadhani hadi Maulidi, asiparuke.