Mawese kwenye Maungio ya Gari

Baba alikuwa na basi dogo alilolifungia kitanda nyuma, akalala humo akiuza vitenge kati ya Kasulu na Kibondo. Kutu ilianzia kwenye maungio ya bati, pale maji ya mvua yanapojificha. Fundi alimwambia akwangue mpaka bati ling'ae, apake rangi ya kuzuia kutu, ndipo azibe. Badala yake Baba alipasha mawese akayamimina humo, kama mama yake kule kijijini Heru Juu alivyopaka majembe yasishike kutu. Niligombana naye sana. Vumbi jekundu liliganda kwenye mafuta, gari zima likanuka jiko.

Alipofariki mwaka 2014, nililipeleka kwa fundi yuleyule. Alikwangua, akapaka, akaziba, akaacha matundu ya kutolea maji chini ya milango. Harufu ikaisha. Nikaona nimeshinda.

Lakini jua likiwaka baada ya baridi ya asubuhi, mawese yaliyosalia yameganda ndani huyeyuka na kudondoka kupitia matundu yale chini ya mlango wa dereva. Mama hutoka na kitambaa, ila hafuti. Huweka kiganja mlangoni na kusema polepole, kana kwamba baba ndiye aliyefika, "Leo umechelewa."