Mtoto Aliyeacha Kulia

Binti wa dada yangu alikuwa na miezi minane dada alipolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua. Watoto hawakuruhusiwa kuingia huko. Mama yetu alikwisha kufariki, nami nilikuwa shule ya ualimu, kwa hiyo mtoto alichukuliwa na jirani yetu wa ng'ambo ya barabara katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mama Mwislamu ambaye mume wake alikuwa dereva wa lori. Hakuwa ndugu yetu. Alimfunga mgongoni, akaendelea na kazi zake.

Dada alirudi baada ya zaidi ya mwaka, amenenepa kidogo, amevaa kitenge kipya. Mtoto alimtazama, kisha akajificha nyuma ya miguu ya jirani.

"Hanijue tena," dada alisema.

Baba yetu alikasirika. Aliamua mtoto asivuke barabara kwenda kwa jirani. Mwanzoni mtoto alilia mlangoni mpaka sauti ikakauka. Halafu akanyamaza. Alikula alichopewa, akabebwa na yeyote, wala hakumtazama mtu usoni.

"Munaona?" baba alisema. "Amesha kuzoea."

Shuleni tulikuwa tukisoma saikolojia ya watoto wachanga. Mwalimu alieleza kwamba mtoto hashikamani na mtu kwa ajili ya damu, wala chakula peke yake, bali na yule anayemwitikia kila anapomhitaji. Akitenganishwa naye, hulia. Kisha hukata tamaa. Mwishowe hutulia, na watu wazima hudhani amepona. Nilikuwa nikisikiliza nusunusu mpaka hapo.

Alasiri ile nilimweleza dada, naye akitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha mchi.

"Sasa akirudi kule, atanipenda siku gani?"

"Sijui, yaya," nilimjibu dada yangu mkubwa.

Hilo mwalimu hakulisema. Dada alinawa mikono, akambeba mtoto, akavuka. Baba alikuwa bado kazini. Jirani alikuwa ameinama kwenye mbabula, akiwasha makaa. Mtoto alipomwona alitoa ukelele, akamrukia shingoni, akalia kwa kwikwi. Dada aligeuka aondoke.

"Weye unaenda wapi?" jirani alimwuliza. "Ikala, mwanangu. Usimukamate kwanza. Tupike wote, azoee sura yako."

Dada alikaa. Alirudi kesho yake, na msimu mzima wa mvua. Walichambua maharagwe, wakasukana nywele, mtoto akizunguka kati yao. Siku moja alianguka kwenye ngazi ya saruji, akasimama akilia, akawatazama wote wawili. Alimwendea dada, ambaye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Sijui kama ukaribu huo ndio uliomfanya achague, na dada hakutaka kujua.

Baba hakukiri kwamba alikosea. Pasaka ilipofika, alinituma kwa jirani na kuku. Nilitaka kumchinja kwanza, nimpeleke akiwa tayari.

"Hapana," alisema. "Mupeleke muzima. Bwana yake atachinja yeye mwenyewe."